Shimo la Enesi

Mimi mdomo wangu hauna breki, na hilo kijiji kizima kinalijua. Kwa hiyo nikiwaambia kwamba kuna jambo nililifungia mdomo miaka kumi na mitano, msidhani lilikuwa jambo jepesi. Lilinikaa kooni. Ni habari ya wifi yangu Enesi, mke wa marehemu kaka yangu Kefa. Watu wa hapa kwetu, juu kidogo ya Mlowo, walimzika wakiamini wanazika mchawi. Hakuwa mchawi. Alikuwa mwanamke msafi kupita kiasi, mkaidi, na kwaya nzima ilikuwa inaifuata sauti yake.

Aliolewa kwetu akitokea upande wa Itaka. Nami nikiwa bado msichana nyumbani, nilimcheka sana. Alifagia uwanja asubuhi, akafagia tena jioni. Sufuria alizisugua kwa majivu mpaka chini kukang'aa, wakati sisi wengine masizi ya chini tuliyaona ni sehemu ya sufuria. Mama alisema huyu mtoto ataumaliza mkono wake. Lakini Jumapili akisimama kanisani na ile sare ya bluu, akianzisha wimbo, hata mama alinyamaza. Kwaya ndiyo ilikuwa raha yake. Hakupenda sana kuongea, ila kuimba aliimba hata akipalilia.

Kaka Kefa alikuwa mpulizia dawa wa chama chetu cha ushirika. Alipita mashamba ya kahawa na bomba mgongoni, na watu walimheshimu kama daktari. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, kila mtu akawa anauza kahawa anakotaka, chama kikayumba, kikaanguka. Stoo ikabaki haina mlinzi. Watu wakajisevia: huyu mabati, yule mizani, mwingine mpaka mlango. Kefa akachukua alichokijua. Alileta nyumbani kwa mkokoteni makopo na madumu ya dawa ishirini na saba, akayasukumia uvunguni mwa kitanda. Enesi alilalamika harufu. Kefa akamwambia avumilie, ule ni utajiri.

Hakuna aliyeshangaa, jamani, tusiseme uongo. Dawa ya kahawa ilikuwa ghali, na kitu cha ghali mahali pake ni uvunguni. Na likiisha kopo, nani alilitupa? Kwetu sisi chumvi ilikaa kwenye kopo lenye picha ya fuvu na mifupa miwili. Nilipokuwa mtoto nilidhani yule ndiye mwenye kiwanda. Madumu ya plastiki ndiyo usiseme: unasuuza mara mbili, unatia mafuta ya kula, au unampa mwenye kuuza pombe ya kienyeji. Hayo makubwa yalipelekwa Tunduma, kwa wale wanaovusha mafuta ya magendo, na kule hayakukaa hata siku moja bila kununuliwa.

Kefa akafariki kwa kifua, mwaka wa tisini na sita. Tulipomaliza msiba, vitu vyake viligawiwa kama ilivyo desturi. Kaka yetu mwingine, Watson, ambaye sasa ndiye mkubwa, alichukua bomba, baiskeli na koti. Zile dawa akasema zikae kwanza pale pale, atazifuata msimu wa kupulizia ukifika. Zikabaki uvunguni, na yeye na mwanawe wa mwisho, Danford, wakaendelea kulala juu yake.

Mvua za mwisho wa mwaka uliofuata mnazikumbuka. Zilinyesha mpaka kuta zikalia. Maji yaliingia nyumbani kwa Enesi kwa chini ya ukuta, yakapita uvunguni, na makopo yale yalikuwa yameshaliwa na kutu. Yakatoka upande wa pili yakiwa meupe kama maziwa, mpaka uwanjani. Kuku wake sita wakanywa. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wamelala mstari mmoja mbele ya jiko, miguu juu.

Nilipofika nilimkuta amemshika Danford, mtoto wa miaka minne, anamwogesha kwa mara ya tatu na sabuni ya mche, mtoto analia. Kumbe Danford alikuwa amecheza katika yale maji asubuhi nzima, anaelesha kijiti chake. Mungu alimsaidia, hakupatwa na kitu. Lakini Enesi tangu siku ile hakulala tena chumba kile. Walihamia jikoni, yeye na mwanawe, wakalala na moshi.

Akamwita bwana shamba wetu, kijana mmoja anaitwa Anania. Anania alisimama mlangoni, akachungulia, akaziba pua, akarudi nyuma hatua mbili. Alimweleza mambo mengi, nami nilikuwepo. Usimwage mtoni, wala chooni, kwa sababu maji ya chini yanatembea. Usichome, moshi wake nao unaua. Usimpe mtu dawa, usimpe mtu dumu. Pahali pake pa haki ni wilayani, zikusanywe na wenye ujuzi zipelekwe kuteketezwa huko wanakoweza. Enesi akaenda huko wilayani, Vwawa, mara mbili, kwa miguu mpaka barabarani na matope yale. Mara zote mbili waliandika jina lake kwenye daftari, wakamwambia gari litakuja. Gari halikuja, na makopo yanaendelea kuvuja.

Ndipo Anania akasema, basi, kuliko mtoto afe tukisubiri gari, tuzihifadhi ardhini kwa muda. Akampeleka kona ya juu ya shamba, mahali pakavu, mbali na kisima. Akapima kwa hatua zake shimo liwe pana kiasi gani na refu kiasi gani. Chini na pembeni lisiribwe udongo wa mfinyanzi. Makopo matupu yatobolewe ili asije mtu akayatamani, na yale yaliyojaa yashushwe hivyo hivyo bila kufunguliwa. Juu itiwe chokaa, ishindiliwe udongo, pazungushiwe ua, na pasilimwe kamwe. Kisha, ndani ya wiki ile ile, Anania akapata barua ya uhamisho kwenda Kamsamba. Akaondoka.

Enesi alichimba peke yake siku nne. Mimi sikumsaidia. Nilikuwa na maharage yangu ya kupeleka Mlowo, hicho ndicho nilichomwambia. Ukweli ni kwamba harufu ile nilikuwa naiogopa.

Sasa nataka mmwone kama alivyomwona jirani aliyekuwa anapita na ndoo yake ya maji asubuhi ile ya mwezi wa tano, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Anamwona mjane, amejifunga khanga usoni yamebaki macho, mikononi amevaa mifuko ya nailoni, miguuni mabuti ya marehemu mumewe. Anashika kopo, analitoboa kwa msumari, anachukua la pili, analitoboa. Makopo ambayo yeyote angeyaomba. Anayashusha shimoni taratibu, moja moja, kama mtu anayelaza watoto. Anamwaga unga mweupe juu yake. Na muda wote huo anaimba kwa sauti ya chini, maana Enesi bila kuimba jembe halikwenda.

Kabla ya saa nne kijiji kizima kilikuwa kinajua. Kufika jioni, aliyesema makopo akasema vibuyu, na kaka Watson alikuwa uwanjani kwa Enesi anauliza amezika nini kwenye ardhi ya ukoo.

Enesi akamwambia ukweli. Zile dawa za kahawa, shemeji, za kaka yako, zilikuwa zinavuja, nimezifukia kama bwana shamba alivyoagiza. Nani amwamini? Nami wakati ule nilikuwa nimekaa pale kwenye kigoda, nikamwangalia Watson, nikajua hawezi kuamini. Ungemwambia nani hapa kwetu kwamba mtu mwenye akili timamu amechukua dawa ya thamani na madumu mazima akayazika? Vitu hivyo huuzwa, huazimwa, huibwa. Anayezika kitu kwa siri, na ukungu, na nyimbo, tunajua anazika nini. Zaidi ya hapo, mumewe alikuwa amekufa kwa kifua kisichoeleweka. Watu wakaanza kujumlisha.

Mkutano ukaitwa. Mwenyekiti wa kitongoji akasema jambo ni dogo: mama afukue mwenyewe mbele ya watu. Ikiwa ni makopo, yameisha, tutamwomba radhi. Enesi akasema hafukui. Kufukua ni kuyaamsha yale yaliyokwisha lala, na watoto wote hawa wamesimama hapa. Basi wakasema afukue mwingine. Likazungushwa jembe, wanaume arobaini na kitu, hakuna aliyenyoosha mkono. Hata Watson alitazama pembeni. Mwenyekiti akatoa wiki mbili. Baada ya hapo, kama hakufukua, itachukuliwa kwamba amekiri.

Nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawa moto. Wifi yangu huyu, anayeosha hata kuni! Nikamwambia Enesi kaa hapa, mimi nakwenda Kamsamba kumtafuta Anania. Nikapanda lori la mpunga lililokuwa linarudi tupu. Tulilala njiani mara mbili, tukashuka na kusukuma kila kwenye korongo, na tulipoteremka bondeni joto lilinipiga kama nimefungua chungu. Nilimkuta Anania ana homa, amekonda, lakini aliponiona alikaa kitandani, akaomba kalamu. Akaandika kurasa mbili. Akaeleza dawa zilikuwa za namna gani, kwamba ni yeye aliyeagiza zifukiwe, kwamba mama huyu amefanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuifanya, na kwamba ni marufuku mtu yeyote kufukua. Akatia sahihi na muhuri. Niliishona ile barua ndani ya sketi yangu ya ndani nisije nikaipoteza.

Nikarudi siku moja kabla ya mkutano, matope mpaka kiunoni, nimejaa furaha kama bibi harusi. Nikamkuta Enesi jikoni anasonga ugali. Nikaifungua sketi pale pale nikampa barua. Akaisoma yote, taratibu, mdomo ukicheza. Nilikuwa nangoja alie au anikumbatie. Akaikunja.

Akaniambia Watson alikuwa amekuja juzi, kwa upole safari hii, bila watu. Alisema, shemeji, nimefikiri, huenda unasema kweli. Kama ni dawa za kahawa kweli, hakuna neno, hizo ni mali ya kaka yangu. Leta ushahidi tu, watu watulie, halafu nitazifukua mwenyewe na vijana wangu. Yale madumu yaliyojaa bado ni mazima. Dawa nitapulizia, inayobaki tutaimwaga mtoni, madumu nitapeleka Tunduma.

Nikasema barua imeandikwa marufuku kufukua. Nikamwonyesha mstari kwa kidole.

“Wifi,” akasema, “kila dumu limeandikwa hatari. Limechorwa na fuvu. Umewahi kumwona nani ameliogopa?”

Nilikumbuka kopo letu la chumvi.

“Sumu hawaiogopi,” akasema. “Uchawi wanauogopa. Uliwaona walivyolikataa jembe.”

Akainama akaiweka barua kati ya mafiga. Nilimrukia, nikamshika mkono, tukavutana kama watoto, nikaokoa nusu ya barua, nusu ikaungua. Nilimtukana. Nilimwambia nimekwenda Kamsamba, nimesukuma lori, nimeumwa na mbu wakubwa kama nyuki, yeye anachoma! Nikamwambia watamtenga. Nikamwambia kwingine tunasikia wanawake wanakatwa mapanga kwa maneno kama haya. Akasema anajua, na anaogopa. Sasa alilia, akalia kwa sauti, na ugali ukaungua. Kisha akaniapisha. Nisimwambie mtu, wala Danford, kwa sababu mtoto atamtetea mama yake, na akimtetea watafukua.

Kesho yake mwenyekiti alimwuliza mara tatu. Enesi alikuwa amevaa vizuri, kitambaa cheupe kichwani. “Sina la kuongeza,” akasema. “Sifukui, na asifukue mtu.” Watu wakaguna mguno mmoja. Mchungaji, Mungu ambariki, alisimama akasema atakayemgusa mama huyu kwa mkono atakuwa amemgusa yeye. Ndiyo sababu hakuguswa. Lakini kutengwa alitengwa: hasaidiwi shambani, haitwi msibani, haazimwi moto. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Nilikuwa na nusu ya barua kifuani, ile isiyoungua, na mdomo wangu huu usio na breki niliushika kwa mkono, kweli kabisa, watu wakadhani nalia.

Wiki ile ile kiongozi wa kwaya alituma mtu kuchukua sare. Enesi akamwambia angoje. Akaifua ile nguo ya bluu, akaianika, akawasha mkaa akaipiga pasi, akaikunja, akaitia kwenye mfuko safi. Yule aliyetumwa alisubiri njiani saa tatu kwa kuwa aliogopa kukaa uwanjani. Baada ya hapo sikumsikia Enesi akiimba tena, hata akilima.

Miaka kumi na mitano, jamani. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alifika kidato cha pili. Enesi alikuwa akipita njiani, akina mama wanaita watoto wao ndani. Alizungushia lile shimo ua wa minyaa, akaongeza safu ya mkonge. Kila kiangazi alikwenda kushindilia udongo uliotitia na kutazama kama kuna kitu kinachomoza. Watu wakimwona amesimama kule, uvumi unanenepa. Alijua, na aliacha unenepe. Mara moja kwa mwaka alipanda gari kwenda Vwawa kuulizia lile gari la kukusanya sumu. Waliandika jina lake tena. Kila afisa mpya, daftari jipya. Na pale konani hakukanyaga mtu, hakula ng'ombe, na hakuna mtoto aliyekwenda kuokota hata tambara. Kisima chetu cha chini tunakunywa mpaka leo.

Mimi nilikwenda kumwona. Siwezi kujisifu, maana mara nyingi nilipitia migombani nisionekane, na nikikutana na mtu nilisema nimetoka kukata majani ya ng'ombe. Mume wangu alikuwa hai bado, na nilikuwa na binti wa kuozesha. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Najuta. Kuna jioni nyingi ningeweza kukaa naye uwanjani kama watu, nikanywa uji, na nisingekufa.

Danford alikua akipigana shuleni. Alipomaliza la saba alikwenda Tunduma, akapata kazi ya kubeba mizigo mpakani, baadaye akawa karani wa maegesho ya malori. Alimtumia mama yake sukari na blanketi, lakini mwenyewe alikuja kwa nadra, na hakulala zaidi ya siku moja.

Enesi alifariki mwaka elfu mbili na kumi na tatu, mwezi wa saba, baridi kali. Hakuugua sana. Siku ya mwisho aliniuliza kama ua uko sawa. Nikasema uko sawa. Watu wachache walikuja kuzika, na nusu yao walikuja kuhakikisha. Kwaya haikuimba. Nilianzisha mimi, sauti yangu mbaya kama jogoo mgonjwa, na Mchungaji akaitikia peke yake.

Danford alipokuwa anangoja basi nilimwambia yote. Kiapo kilikuwa cha mama yake, na mama yake hayupo. Nikampa ile nusu ya barua, wino umefifia lakini muhuri unaonekana. Alisoma akiwa amesimama. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa nini mama hakuniambia mimi. Nilisema ulikuwa mtoto. Akapanda basi, akakaa dirisha la upande wa pili nisimwone uso.

Nilifikiri yameisha. Kumbe ndiyo yanaanza. Haikupita miezi miwili, mtoto wa Watson, Ferdinand, akaja na kamba ya kupimia. Watson mwenyewe amezeeka, haoni vizuri, shamba limerudi kwa ukoo, na viwanja vya karibu na Mlowo sasa hivi kila mtu anavitaka. Ferdinand anataka kujenga pale juu, panaonekana barabara. Akaleta vijana wawili na majembe. Watu wakasema si vibaya, mwenyewe amekufa, na mambo yake yamekufa naye. Ndivyo tunavyoamini: mwenye kitu akifa, kitu hupoa.

Nikapanda juu mbio, umri wangu huu. Nikamweleza Ferdinand ukweli, wote, kama nilivyowaeleza ninyi. Nilimwambia kuku sita, nikamwambia maji meupe, nikamwambia Anania. Alinisikiliza kwa heshima, sina la kumlaumu. Akacheka kidogo. “Shangazi,” akasema, “sumu ya miaka kumi na mitano si imeshaisha nguvu? Tutaitoa tu, tutamwaga kule korongoni. Na kama kuna madumu, bora zaidi.” Akageuka akawaambia vijana wafyeke minyaa.

Nilimwangalia yule kijana wa kwanza akitema mate viganjani, anashika mpini. Korongo lile analolisema linaingia kisimani. Mjukuu wangu anakunywa pale. Mke wa mwanangu, Judith, kila siku ya soko huniachia mtoto huyo, msichana wa miaka mitatu, tunashinda naye, ananifuata kama mkia, na nisipomwona siku mbili chakula hakipiti. Nilijua pia nikifungua mdomo nitapoteza nini. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote, kwa sababu nilikuwa nimelitazama miaka kumi na mitano kutoka migombani.

Nikaingia ndani ya ua. Nikakaa chini juu ya udongo wa Enesi, miguu nimenyoosha. Vijana wakasimama.

“Enesi hakuondoka navyo,” nikasema. “Aliniachia mimi. Atakayechimba asije akanilaumu.”

Sikusema uongo hata neno moja. Yule kijana aliliweka jembe chini polepole. Ferdinand, yule yule mtoto niliyemfuta kamasi, akaanza kukunja kamba yake. Hawakuaga. Nilikaa pale mpaka jua likaanza kuniumiza kichwa, kisha nikarudi nyumbani kupika.

Ijumaa nilikwenda Vwawa. Nikaandikisha jina langu, Loisi, chini ya lile la Enesi.

Jumatatu ilikuwa siku ya soko. Niliamka mapema, nikachemsha uji wa mtoto, nikautia karanga kama anavyoupenda, nikakaa mlangoni. Judith akatokea na kapu kichwani, mtoto mgongoni. Alipofika kwenye njia panda hakukata kuja kwangu. Akashika njia ya chini, ile ndefu, inayopita mbali na shimo na mbali na nyumba yangu. Mtoto aliniona. Akanyoosha mkono akaniita bibi, akaita tena, na Judith akavuta khanga akamfunika kichwa.